Umande Ulioachwa Juu ya Nyasi

Mwaka 1969 nilikabidhiwa ukatibu wa klabu ya gofu ya mji wetu. Nilikuwa nimelelewa na shule ya bweni, ambako kengele ikilia hakuna aliyeuliza sababu, na niliamini kuwa taifa changa lingesimama kwa nidhamu hiyohiyo.

Mtunzaji wa uwanja alikuwa Mzee Luhende, aliyeishi na mkewe Maua katika chumba kilichokuwa nyuma ya ghala la klabu. Kila alfajiri ya masika alichukua ufito wa mwanzi, mrefu kuliko watu watatu, akaupitisha taratibu juu ya nyasi fupi zilizozunguka kila shimo, hadi umande wote ukaanguka. Kazi hiyo ilimchukua saa mbili. Mimi niliiona kuwa mabaki ya anasa za wakoloni. Nikaamuru kwamba saa kumi na mbili kamili wafanyakazi wote wahudhurie gwaride la bendera, kisha waende kwenye shamba la mahindi la klabu.

"Na umande, Ndugu Katibu?" Luhende aliuliza mbele ya gwaride.

"Jua litaukausha. Jua halidai mshahara."

"Jua la masika huchelewa, baba. Majani yale yakikaa na maji hadi saa tatu, yataota ukungu."

"Wazungu wameondoka, mzee, nawe bado unawafutia majani yao machozi?"

Wafanyakazi walicheka. Luhende hakucheka. Aliuchomeka ufito chini ya paa la ghala, akachukua jembe.

Wiki ya tatu nyasi zilitoka madoa ya rangi ya makapi, kila moja kama sarafu ya shilingi. Asubuhi yalifunikwa na nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui. Habari hizi zilinifikia wakati mbaya. Kamati ya wilaya ilikuwa inakuja mwisho wa mwezi kuamua iwapo uwanja ubaki wa michezo au ulimwe mihogo. Na ukilimwa, Luhende angepoteza kazi na chumba kwa pamoja.

Nilikwenda mtaa wa Kanyenye, kwenye duka la pembejeo la Laxmidas, kutafuta dawa ya ukungu.

"Hakuna, ndugu yangu. Kibali cha kuagiza kimelala Dar es Salaam tangu Januari," alisema. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Lakini miaka kumi na mitano klabu haijanunua kwangu dawa hiyo hata kopo moja. Yule mzee wa ufito amekufa?"

"Hajafa."

"Basi mrudishie ufito wake! Mimi nitakuuzia nini tena?"

Ningeweza kuurudisha jioni ileile. Lakini ningelazimika kuifuta amri yangu mbele ya gwaride lililocheka pamoja nami. Badala yake niliamuru nyasi zimwagiliwe maji kila jioni, ili huo ukungu uoshwe. Zikalala zimelowa usiku kucha. Madoa yakaungana, na nyasi zilizozunguka mashimo zikawa kama ngozi ya mbwa mwenye upele.

Kamati ilifika. Mwenyekiti, Ndugu Bundala, alisukuma nyasi kwa ncha ya kiatu, zikang'oka.

"Nani anatunza hapa?"

"Mimi," alisema Luhende.

"Umefanya nini, mzee?"

"Aulizwe Ndugu Katibu."

Wote walinigeukia. Shuleni niliwahi kupokea viboko sita badala ya kusema uongo, na kwa miaka mingi nimejivunia viboko hivyo.

"Ni umri, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Mzee amechoka."

Luhende akainamisha kichwa. Uamuzi wa kulima mihogo ukaandikwa palepale.

Siku ya kulima, niliwakuta Luhende na Maua wakifunga mkeka wao. Walikuwa wanakwenda Kaliua kwa binti yao. Nilivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Tangu nikalie kiti cha ukatibu, sikuwa nimemwamkia.

"Marahaba," alijibu, akikaza kamba.

Maua hakuinua macho. "Leo ndiyo umeziona mvi zake?"

Walikwenda kituoni kwa miguu, naye Luhende hakuugusa ufito chini ya paa. Trekta liliingia uwanjani saa mbili na nusu. Magurudumu yake yaliufuta umande, yakaacha michirizi ya kijani kibichi juu ya nyasi. Umande ulikuwa haujakauka.