Kifungu cha Tisa

Kuna watu ukiwapa kisu watakata mkate, na kuna wengine watakata wenzao. Meneja wa kiwanda cha viatu alipewa kalamu tu, na hebu ona alichofanya nayo.

Wafanyakazi walimwita Bwana Afya, wala si kwa mapenzi. Kila asubuhi alikimbia kuuzunguka ukuta wa kiwanda mara sita, kisha akanywa maji ya moto mbele ya watu ili wamwone vizuri. Ndiye aliyetunga Kifungu cha Tisa: "Kisukari si ugonjwa bali ni matokeo ya mwenendo wa mtu. Mwenye nacho hapewi ruhusa ya kliniki wala kazi ya kukaa." Hilo halikumtosha. Akaamuru kila barua ya kukataliwa ibandikwe kwenye ubao wa getini, ati wengine wajifunze. Wajifunze nini? Kucheka wagonjwa?

Karani wa ofisi ya wafanyakazi alikichapa kifungu hicho kwa vidole vyake. Miezi minne baadaye akachapa barua ya kumkatalia ruhusa ya kliniki mkata soli mmoja mwenye kisukari na kidonda kwenye kidole cha mguu. Mkata soli huyo alikuwa kaka yake, tumbo moja. Pale kazini hakuna aliyejua undugu wao, naye karani akafyata mkia, maana aliogopa kibarua chake kisije kikaota nyasi.

Kaka mtu alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Soda haijui, na sukari aliiacha siku mama yao alipokufa kwa maradhi hayo hayo. Alisimama kwenye mashine saa kumi kwa siku, kidonda kikachimba na kuchimba, na alipofikishwa hospitali wakaukata mguu chini ya goti. Barua yake ilikaa getini wiki tatu. Watu walipita wakisema, "Amejitakia huyo, si kula kwake!" Karani aliwasikia akauma meno. Siku ile akaapa kwamba Bwana Afya ataandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa kisukari ni ugonjwa, la sivyo yeye si mtoto wa mama yake.

Akangoja mwaka mzima. Chuki yake aliitunza, akaipangusa vumbi kila asubuhi.

Mungu si Athumani. Jumatatu moja Bwana Afya alianguka akiwa kwenye mzunguko wa nne. Jumatano akaingia ofisini kwa karani, midomo imemkauka, suruali inashikiliwa na mkanda tu. Akafunga mlango na kuweka cheti cha daktari mezani.

"Karani, hili libaki kati yetu. Wameniambia ni sukari. Nataka ruhusa ya kliniki kila Alhamisi."

"Sawa, bosi."

"Lakini yangu si kama ya wale. Mimi nakimbia, sili ovyo. Mimi naumwa kweli."

Ala! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Karani alitabasamu, akasema, "Pole sana, bosi," na moyoni akasema mengine yasiyoandikika.

Sasa, Bwana Afya alikuwa na kasoro yake moja: hakuwa anasoma anachosaini. Kila Ijumaa karani alimpelekea faili, naye akasaini huku anaongea na simu, karatasi moja baada ya nyingine. "Kusoma ni kazi ya karani," alipenda kusema. Ijumaa hiyo zilikuwa karatasi kumi na nne, na katikati karani aliweka barua ya kumjibu bosi mwenyewe: "Ombi limekataliwa kwa Kifungu cha Tisa. Mwombaji abadili mwenendo." Akasaini. Karani akapiga muhuri, akashuka getini na pini nne.

Je, ni vibaya kumtangaza mgonjwa? Ni vibaya sana. Karani alilijua hilo na hakujali hata chembe.

Kengele ya chakula ilipolia, watu wakajazana ubaoni. "Jamani, bosi kajikatalia mwenyewe!" Mmoja akapaza sauti, "Amejitakia!" na kicheko kikafika hadi stoo.

Bwana Afya aliingia ofisini na barua mkononi, pembe zake zimechanika.

"Umenifanyia nini wewe?"

"Nimefuata kifungu chako. Kwani saini hiyo ni ya nani?"

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Utaandika sababu gani? Kwamba ulisaini bila kusoma? Nakala imeshafika kwa wenye kiwanda."

Akakaa. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Lakini mimi ni mgonjwa, dada yangu. Sikujitakia."

"Na yule mkata soli, alijitakia?"

"Mkata soli gani?"

Loo! Hata hamkumbuki.

"Yule aliyekatwa mguu kwa ajili ya barua yako. Ni kaka yangu." Akamsukumia karatasi na kalamu. "Andika."

Akaandika. Kifungu cha Tisa kimefutwa. Kisukari ni ugonjwa. Mkata soli alinyimwa haki yake na hakuwa na kosa lolote. Safari hii aliisoma mara mbili kabla ya kusaini.

Alasiri hiyo karani alitembea upesi mpaka kwa kaka yake. Alimkuta mlangoni, magongo yameegemea ukuta, anashona kiatu cha jirani. Akampa karatasi. Kaka akaisoma polepole, neno kwa neno.

"Kwa mkono wake mwenyewe, kaka! Nimemkomesha!"

Alisubiri kusifiwa. Kaka akajikokota ndani, akarudi na barua ile ya zamani, matundu ya pini yangali kwenye pembe zake. Akaweka kidole chini kabisa, palipoandikwa kwa herufi ndogo: "Imechapwa na karani."

"Hii nimeiona tangu siku ya kwanza, mdogo wangu. Mimi husoma mpaka mwisho."

"Kaka, niliogopa..."

"Najua."

Akatafuta karatasi tupu, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Andika," akasema.