Kizingiti cha Urbain

Mume wangu Urbain alizaliwa kambi ya reli pale Kalemie, akakulia humo humo, na jembe aliliona mikononi mwa wengine tu. Lakini shirika moja lilipoitengeneza upya ile nyumba ya zamani ya wakulima huku milimani, likatafuta mtu wa kuwaonyesha wageni maisha ya wazee, yeye ndiye aliyeinua mkono. Kazi yake ilikuwa ya reli, lakini treni haziji, mshahara hauji. Akasema babu yake alilima mlima huu huu. Nami nikanyamaza, maana nilitaka kula.

Nyumba ni nzuri, nisiseme uongo. Kuta za udongo mwekundu, paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, jiwe la kusagia, ghala la mahindi uani. Tunalala humo, tunapika humo, na wageni wakija tunavua viatu na kuwa watu wa zamani.

Mwanzoni nilifurahi. Mimi nimelima kijijini Niemba tangu utotoni, kwa hiyo wageni walimuuliza Urbain na mimi ndiye niliyejibu. Walicheka, nikacheka nao. Ziara iliyofuata Urbain akakohoa, akatangaza mbele ya wote: zamani, mgeni akiwa ndani, mama wa nyumba haongei naye wala havuki kizingiti. Anakaa penye mafiga mpaka mgeni aondoke. Desturi hiyo haikuwepo, si kwetu wala kwa majirani zetu. Nilipofungua mdomo baadaye, Mama Christelle wa shirika alikuwa ameshaiandika kwenye bango kwa rangi nyeupe, Kifaransa juu, Kiswahili chini. Haya, kabishane na bango!

Mwaka jana, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu penye mafiga, binti yetu Falone alijifungua mjini bila mimi. Mtoto hakupona. Sijui kama ningekuwepo angepona. Ninachojua ni kwamba Falone alishika mkono wa mwanamke wa kufagia hospitali, mtu asiyemjua hata jina, kwa sababu mama yake alikuwa akionyeshwa kwa wageni. Juzi amenipigia simu, mimba ya pili imetimia. Akasema tu, "Mama, usiniache tena."

Leo asubuhi magari mawili ya wageni yamesimama uani, watu wanaingia wakiinamisha vichwa, simu niliyoificha ndani ya chungu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa mkwe wangu Jovial: uchungu umeanza, Falone anakuita.

Nikamwashiria Urbain. Akaja, akainama kama anayechukua kibuyu.

"Papa Falone, mutoto ameanza uchungu. Minaenda."

"Ngoja kwanza. Bageni bameingia sasa hivi. Masaa mbili tu."

"Ubaambie ile desturi ni bongo, uliitunga, nipite."

"Unataka batufukuze? Tutalala wapi, mama? Katanika, mu matente ya bakimbizi?"

Hakuwa anatania. Nilimwonea huruma, na hasira haikupungua hata kidogo.

Akarudi kwa wageni kuwaeleza kinu, kitu ambacho hajawahi kutwangia. Mimi nikakaa. Moshi unaniingia machoni, watu wamejaa mlangoni, mgeni mmoja akachuchumaa kunipiga picha miguu. Falone anashika mkono wa nani saa hizi? Hata mbuzi wetu hufunguliwa mchana! Nilihisi nikikaa dakika moja zaidi nitapiga kelele mpaka paa lidondoke.

Nikasimama. Nikavuta kandambili zangu za plastiki nyuma ya mtungi, nikavaa mbele ya kila mtu, nikapita katikati yao. Kamera zikanifuata.

"Papa Urbain," Mama Christelle, aliyewaleta wageni, akauliza akitoa daftari lake, "mama anaenda wapi? Mwanamke akivuka kizingiti, desturi inasema nini?"

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari nje. Nikageuka nikamtazama mume wangu. Nilimpa nafasi. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: mutoto wetu anazaa. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na niliyasubiri maneno hayo kama sijawahi kusubiri kitu kingine kwake.

Urbain akajifuta jasho. Akanyoosha shingo, akatoa ile sauti yake ya ziara.

"Zamani," akasema, "mama akivuka bageni beko ndani, ni kusema ameacha bwana yake. Harudi tena."

Wageni wakaguna kwa mshangao. Kalamu ya Mama Christelle ikasimama. Urbain akanitazama, na nikaona amesikia alichosema, lakini amechelewa.

"Andika, Mama," nikamwambia Christelle. "Hiyo desturi njo ya kweli."

Nikavuka.