Wigi Juu ya Kreni

Watu wa tamthilia walipowasili saiti na magari yao matatu, miavuli yao, na mwanamke mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kumpangusa jasho mwigizaji mkuu, Shangazi alikuwa juu ya kreni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu pale alimwita Shangazi: wapiga zege, wafunga nondo, mlinzi wa geti, hata meneja aliyemzidi umri. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuangusha hata tofali.

Meneja alimwita kwa redio ya mkononi ashuke.

"Bahati imekudondokea," alimwambia. "Tamthilia ya mwanamke dereva wa kreni! Mwigizaji watampiga picha kibandani kreni ikiwa imezimwa. Kazi yenyewe utaifanya wewe." Kisha akashusha sauti. "Na ule ukuu wa madereva, natangaza ikishaonyeshwa. Wakubwa wote wataitazama. Usiniangushe."

Dereva mkuu alikuwa amestaafu, na waliokuwa wakitajwa kushika nafasi yake ni wawili tu. Mmoja Shangazi. Mwingine ni jamaa waliyemwita Miwani, kwa sababu havui miwani yake ya jua hata mvua ikinyesha, naye kazi alifundishwa na huyo huyo Shangazi. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi, au ndivyo alivyodhani.

Mwongozaji wa tamthilia alikuwa mwanamke, tena mchangamfu. Alimkumbatia Shangazi na vumbi lake lote.

"Dada, wewe ndiye hadithi yenyewe! Tunataka kumwinua mwanamke."

Shangazi alifurahi. Tusimsingizie, alifurahi hasa, mpaka akajikuta anaifuta helmeti yake kwa mkono wa ovaroli. Ndipo mwongozaji akamweleza watakachopiga siku hiyo. Dereva wa kike ameinua boriti ya chuma. Simu inaingia, mchumba wake amemwacha. Anaangua kilio, boriti inayumba juu ya vichwa vya watu. Injinia mtanashati anapanda ngazi mbio, anamsogeza kando, anashika usukani wa kreni na kuiweka boriti mahali pake.

"Analia na mzigo uko hewani?" Shangazi aliuliza.

"Hapo ndipo penye mvuto."

"Na huyo injinia, cheti cha kreni anacho?"

Mwongozaji alicheka. Shangazi hakucheka.

"Mimi mume wangu aliniacha Jumanne. Jumatano nilipandisha nondo kutwa nzima, sikuyumbisha hata moja. Nililia nyumbani, tena baada ya kuosha vyombo."

"Nakuelewa dada'angu. Lakini mwanamke akiwa ngangari mwanzo mwisho, watu wanabadilisha chaneli."

Kilemba cha ukoka hicho, na alivishwa mchana kweupe. Shangazi alikataa kata kata kuuyumbisha mzigo. Meneja akambembeleza, akamkodolea macho, akambembeleza tena. Hakukubali. Basi wakamwita Miwani, wakamvalisha wigi, wakamfunga skafu nyekundu, wakamtia blauzi iliyopasuka kwapani kabla hajafika ngazi ya tatu. Wafunga nondo walicheka mpaka wakakaa chini. Kutoka chini, kwenye kamera, alionekana mwanamke kabisa. Boriti aliiyumbisha vizuri sana, na haikumlazimu kuigiza kwa bidii.

Tatizo lilikuja kwenye kuiweka. Miwani alijaribu mara tatu kuilaza boriti katikati ya nguzo mbili, na mara tatu akakosa kwa upana wa kiganja. Jua lilikuwa linakwenda zake. Mafundi wawili walikuwa juu ya jukwaa wakiisubiri, na mmoja alishaanza kumtaja Mungu.

"Shangazi," meneja alisema, safari hii bila kubembeleza.

Angeweza kukataa tena. Lakini boriti ilikuwa hewani na watu walikuwa chini yake, na huo si wakati wa mtu kushikilia hasira. Alipanda, Miwani akampisha kiti. Wakamwekea mabegani koti la injinia, kichwani kofia ya injinia, wakampiga picha kwa nyuma. Akaishusha mara moja tu, ikakaa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mbele ya watu zaidi ya thelathini na meneja mwenyewe. Kosa la mwanamke lilifanywa na mwanamume aliyevaa wigi, na ushujaa wa mwanamume ulifanywa na mwanamke aliyevaa kofia.

Mwezi uliofuata tamthilia ilionyeshwa saa moja jioni. Shangazi aliitazama sebuleni kwake na mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa juu ya kigoda na macho hayabanduki. Dereva wa kike alipolia, mama alilia naye. Injinia alipoishusha boriti, mama akapiga makofi.

"Huyo mwanamume ana mkono jamani! Ona anavyoiweka, kama analaza mtoto."

"Mama, huyo ni mimi."

"Yupi? Huyo anayelia?"

"Huyo mwenye kofia."

Mama alimgeukia, akamgusa paji la uso kama anapima homa. "Mwanangu, si mwanamume huyo?"

Maandishi yakapita kwenye kioo: tamthilia hii ni heshima kwa wanawake wote wafanyao kazi. Shangazi alitafuta rimoti, akazima runinga. Mama alilalamika kwamba hajaona kama wataoana.

Jumatatu meneja alitangaza. Dereva mkuu ni Miwani.

Shangazi aliingia ofisini bila kubisha hodi. "Kwa nini?"

"Wakubwa wamenipigia simu. Wanauliza kama ni salama kumweka mama kusimamia kreni. Wameona."

"Wameona nini? Bosi, ulikuwepo! Ulisimama pale kwenye mapipa ya maji. Ulimwona aliyeyumbisha, ukamwona aliyeshusha."

"Mimi nilikuwepo," meneja alisema, akipanga karatasi zisizohitaji kupangwa. "Wao hawakuwepo. Wao wameona kwenye runinga."

Damu ilimchemka Shangazi mpaka masikioni. Uongo wa mtu asiyejua unaweza kuusahihisha. Huyu alikuwa anajua, na alikuwa ameuchagua uongo kwa sababu una picha nzuri. Alitoka akaubamiza mlango, na dirisha likatetemeka.

Jumatano ikaletwa mashine ya lifti. Ilitakiwa ipitishwe kwenye tundu la paa, na nafasi iliyobaki kila upande haikuzidi vidole vinne. Miwani alilitazama tundu, akaitazama mashine, akavua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuyaona macho yake, na yalikuwa na woga.

"Bosi, hii ni ya Shangazi," alisema.

"Panda, Shangazi," meneja akasema. "Miwani atajiandika kwenye daftari, maana ndiye mkuu."

Kila mzigo mzito huandikwa kwenye daftari la kreni: siku, uzito, na jina kamili la aliyeinua. Wakaguzi husoma hilo, hawasomi kingine. Shangazi alivua glovu, akakaa juu ya rundo la matofali.

"Sipandi."

"Unasemaje?"

"Nilishafanya kazi na kofia ya mtu mara moja. Sirudii. Nikiinua mimi, naandikwa mimi. Au mpandishe injinia wenu wa kwenye tamthilia."

Mafundi waliacha walichokuwa wakifanya. Lori lililoleta mashine lilikuwa linanguruma getini, dereva wake akipiga honi.

"Jamani, si karatasi tu hiyo?" meneja alisema.

"Kama ni karatasi tu, niandike."

Honi ikapigwa tena. Meneja akapora daftari mikononi mwa Miwani, akafungua ukurasa, akajaza siku, akajaza uzito. Kalamu ikafika kwenye nafasi ya jina, ikasimama. Aliikuna karatasi kidogo kwa ncha yake. Kisha akauliza bila kuinua uso, kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo wote waliisikia:

"Hivi Shangazi, jina lako unaitwa nani?"

Miaka kumi na mmoja. Shangazi aliinuka kwenye matofali, akaenda akasimama ubavuni kwake. Akamtajia jina lake, na la baba yake, na la babu yake, na hakuvaa glovu mpaka yote matatu yalipoandikwa.