Kanga wa Uwanja wa Bernardo

Kipupwe kikiingia Usinge, watu wenye akili zao huota moto jikoni. Bernardo yeye alitoka nje na blanketi lake la kijivu, akakaa kwenye gogo kando ya uwanja wa kupuria mtama, akangoja ndege. Walikuja tetere, walikuja chiriku wakigombana kama wake wenza, na jua likichomoza walitoka vichakani kanga wa porini na madoadoa yao. Hao ndio waliokuwa roho yake. Alikuwa amewazoesha kwa punje na makapi hata wakawa wanadonoa katikati ya miguu yake, na jike mmoja aliyekuwa akichechemea ndiye aliyetangulia siku zote. Mkewe, Koleta, alisema kama angetazamwa yeye nusu ya wanavyotazamwa kanga, angekuwa bado msichana.

Kupenda ndege si kosa. Kosa la Bernardo lilikuwa mdomo. Mwaka uliotangulia, vita vya Hitla vikiwa vimekwisha, jirani yake Omari, fundi cherehani aliyehamia kutoka Cheyo, alitega kitanzi mpakani mwa mashamba yao akanasa kanga mmoja. Bernardo alikinyakua kile kitanzi akaenda nacho mpaka gulioni, watu wamejaa, akakiinua juu. "Ndege wanaokuja uwanjani kwangu ni wageni wangu! Mtazameni mtu anayekula wageni!" Watu wakacheka, na tangu siku hiyo Omari akaitwa Mla-Wageni hata na watoto wasioweza kufuta makamasi yao.

Omari aliendelea kushona, na aliendelea kuitwa kila nyumba yenye kuku wa kuchinjwa, kwa kuwa desturi ya pale ilikuwa hiyo: hata Mkristo humwita Mwislamu amchinjie, ili mgeni yeyote akitokea ale bila wasiwasi. Nyumba ya Bernardo peke yake ndiyo iliyoacha kumwita.

Sasa jioni moja ikaja habari kutoka stesheni kwamba Luhende, baba wa mume wa binti yao Imakulata, atashuka kwa gari moshi la asubuhi. Mkwe! Na kideri kilikuwa kimefagia kuku wote wa Bernardo, hakikuacha hata wa mbegu. Mkwe halishwi mlenda. Akilishwa, atakayesimangwa huko ni binti.

"Nenda kwa Omari," Koleta alisema. "Banda lake halikuguswa, jogoo anaye."

"Kwa Omari siendi."

"Ulimi hauna mfupa, Baba Imakulata, lakini wako umekuvunja miguu."

Alfajiri Bernardo alikaa kwenye gogo lake kama kawaida. Kanga wakaja. Yule mchechemeaji akatangulia, akadonoa punje karibu na kidole chake cha mguu. Kitanzi cha nini? Bernardo alimtupia blanketi, akamsokota shingo humohumo ndani, na wenzake wakarukia vichakani kwa makelele. Kumnyonyoa akashindwa. Koleta ndiye aliyemnyonyoa, nyuma ya jiko, akamtia chunguni.

Luhende alifika jua limeshapanda, mtu mnene mchangamfu, seremala wa Kitete. Walipokwisha kusalimiana alikataa kuingia ndani.

"Mkwe, mimi nimekuja kuwaona hao kanga. Imakulata hamalizi kula hajawasimulia. Kule mjini nimekwisha kujigamba kwamba mkwe wangu anakunywa uji pamoja na ndege wa porini."

Wakakaa. Bernardo akamwaga punje. Kanga walionekana pembeni kabisa, vichwa juu, wakilia, wala hakuna aliyethubutu kusogea.

"Mbona wanaogopa?" Luhende aliuliza.

Hapo Bernardo angeweza kunyamaza. Lakini mdomo ule ule ukamtangulia. "Labda kuna mtu amewatega. Tunao watu wa namna hiyo hapa."

Hajafunga kinywa, Omari akatokea njiani, jogoo kwapani, kisu kiunoni.

"Shikamoo, Mzee Bernardo. Nimesikia mmepata mgeni, na kideri najua kilivyowafanya. Mkwe wako ni mkwe wetu. Nimeleta jogoo nimchinje kabisa, tule pamoja, na yale mengine tuyaache."

Bernardo alijivutia blanketi lake begani. Luhende alimwangalia Omari juu mpaka chini.

"Ndiye huyu Mla-Wageni anayesimuliwa na Imakulata? Bwana, huoni haya? Unamtegea mzee wa watu ndege wake, kisha unaleta jogoo wa kufunikia?"

Omari alifungua kinywa ajitetee. Macho yake yakaangukia blanketi begani kwa Bernardo, ambapo unyoya mweusi wenye madoa meupe ulikuwa umenasa. Aliutazama unyoya, akamtazama mwenyewe, kisha akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mzee," alimwambia Luhende. "Sitarudia."

Bernardo alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa imebaki kunyamaza tu, na heshima yake ingepanda gari moshi pamoja na mkwe, ikafika Kitete nzima nzima. Haya ikamzidi, akaona hawezi.

"Si yeye," alisema. "Hajatega kitu. Kanga yuko chunguni. Nimemnyonga mimi, kwa blanketi hili, ili nisije nikaenda kwake kuomba jogoo. Na hayo ya kutegwa nimekudanganya."

Luhende akasimama, akamshika Omari mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi. Bernardo akapewa mgongo, naye akaona anastahili.

"Aliyenyongwa ni kibudu, mimi siwezi kumla," Omari alisema bila ukali. Akamlaza jogoo chini, akachomoa kisu. "Njoo unishikie miguu, mzee."

Bernardo akapiga magoti, akashika. Omari akamwelekeza jogoo kibla, akapiga bismillahi. Bernardo hakuinua macho. Alikuwa akingoja atukanwe, japo kidogo, apate nafuu. Omari alimwambia tu akaze mikono, jogoo asije akamponyoka.