Mgonjwa wa Plastiki

"Mkuu, kosa ni langu. Nimeokoa sanamu."

Shangazi Filimbi aliyasema hayo kabla hajaulizwa, amesimama mbele ya meneja wa bwawa la kuogelea, maji yakimchuruzika hadi kwenye zulia la ofisi. Jina hilo alipewa na watoto, maana akipuliza filimbi yake hata wazazi wao huacha kukimbia.

Mambo yalikuwa hivi. Mchana ule jua lilikuwa halina simile, na kile kiti kirefu cha mwokoaji hakina mwavuli. Maji yalimetameta mpaka macho yakamtoka machozi. Ghafla, upande wa kina, akaona mtu amelala chini kifudifudi, tuli. Filimbi! Akajitosa, akamkumbatia, akampandisha ukingoni huku watu wakipiga mayowe. Akamkandamiza kifua kwa nguvu zake zote. Alipomwinua kidevu ampulizie pumzi, akakuta maandishi shingoni: "Osha baada ya matumizi."

Ilikuwa sanamu ya mazoezi ya uokoaji. Mwokoaji wa asubuhi, Twiga, aliizamisha apige zoezi, akaisahau.

"Twiga ana kosa lake," alisema Shangazi, "lakini anayepokea zamu ndiye anayezunguka bwawa na kukagua chini. Sikuzunguka. Nilimkuta ameiva kwa jua, nikamwonea huruma, nikamwambia shuka ukale."

Meneja alijikuna kidevu. "Nimesema siku nyingi, kiti kile kinataka macho ya kijana. Kuanzia kesho utakaa getini, ukate tiketi."

Getini! Shangazi aliikamata filimbi yake. Kiti kile kilimchoma mapaja, kilimnyima hata nafasi ya kwenda chooni, lakini hakuna kazi nyingine duniani ambapo watu wote wakirudi nyumbani salama, wewe ndiye umeshinda.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia bibi mmoja, mwanafunzi wa kuogelea, kofia ya mpira imemkaa upande.

"Meneja, mwanangu, nimesikia dirishani. Huyu akienda getini, na mimi nifundishwe kuogelea huko huko getini."

"Bibi, watu wamemcheka bwawa zima."

"Hata mimi nimecheka, nusura meno yanitoke! Halafu nikawaza: kama plastiki anaikumbatia vile, mimi mwenye wajukuu si atanibeba hadi nyumbani? Nilikuwa naogopa upande wa kina tangu nianze. Leo nimeingia. Muulize mwalimu wangu."

Meneja alijaribu kukunja uso, kicheko kikamponyoka puani. "Haya, rudi kwenye kiti chako. Na chini ukague, tafadhali!"

"Asante, mkuu. Asante, mama yangu," Shangazi alisema.

Nje, Twiga alikuwa anaikausha sanamu kwa taulo, kichwa chini. "Dada, nisamehe."

"Nishasamehe. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hali bado."

"Mpe pole."

Shangazi alilizunguka bwawa lote, taratibu, akichungulia chini kila kona. Kisha akapanda. Kiti kilimchoma vilevile, naye akakipapasa kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Upande wa kina, bibi alimpungia mkono. Akampungia pia, moyo umejaa furaha tele.

Akageukia dirisha la ofisi, ambako feni ilikuwa inazunguka.

"Mkuu! Mungu akubariki! Sasa, na ule mwavuli wa kiti?"

Akangoja.

"Mkuu? Hata kama ni mdogo?"