Gesi ya Kinu cha Lweba

Georgette alivuta ukanda wa mpira wa baiskeli mpaka ukalia, akauzungusha mara ya saba kwenye kiungo cha bomba, akafunga fundo. Kisha akachovya vidole katika povu la sabuni na kulipaka juu yake. Gahungu, Mrundi aliyetunza shimo la gesi la kinu cha mawese, alifungua koki kidogo tu. Wakainama kutazama. Povu likatulia.

"Cha tisa," alisema Georgette. "Bado kimoja."

Nyuma yao, kwenye ncha ya chuma kirefu kando ya kinu, gesi ilikuwa ikiungua bure mchana kweupe.

Gesi hiyo ilitoka kwenye maji machafu ya mawese, yaliyooza ndani ya shimo lililofunikwa kwa turubai. Tangu mwanzo sheria ya ushirika wa Lweba ilikuwa moja: gesi isichomwe hewani, yote iende jikoni kwa akina mama wa sabuni. Bomba lilipopasuka, kamati ililegeza sheria kwa wiki mbili ili kukwepa gharama ya matengenezo. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Akina mama wakarudi kwenye kuni, sabuni ikapanda bei, wateja wa kijiji cha Swima wakahamia sabuni ya ng'ambo ya ziwa. Wanawake kumi na wawili wakabaki wanne. Leo alasiri kamati ingeamua kama ruhusa ile iwe ya kudumu. Ikipita, Georgette, msimamizi wa jiko la sabuni, angelifunga.

Alikuwa akifunga kiungo cha kumi alipofika Bonaventure, prezida wa ushirika, akiwa amevaa shati lake la mikutano. Povu likatoa kiputo, kisha kingine.

"Mama Georgette, bomba yako inapumua!"

"Inapumua, Prezida. Acha niizibe."

Alifungua ukanda wote, akaanza upya bila haraka.

"Lakini ule moto iko sifa yetu," alisema Bonaventure. "Bavuvi ba Swima banauona toka mbali ku ziwa. Banasema Lweba iko na usine, kiwanda ya kweli."

"Na sabuni, hao bavuvi banapata wapi?"

Gahungu akageuza uso ili kicheko chake kisionekane.

"Mi sigombane, Prezida. Naulizaka tu. Ile mafuta nyeusi ya kupika sabuni, mapipa ngapi inalala ku depo?"

"Kumi na tisa."

"Na wakati bomba ilikuwa muzima?"

"Hata moja haikulala. Mulinunuaka yote."

Georgette alipaka povu tena. Safari hii halikutikisika.

"Basi funga koki ya ule moto mpaka pipa yangu ya sabuni ichemke. Ikikatala, mi mwenyewe nitanyoosha mukono ku kamati, muchome gesi milele."

Bonaventure akaenda kuifunga. Ukapungua, ukafa. Watu wa kinu wakatoka nje, mikono imejaa mafuta, wakiuliza kumetokea nini. Gahungu alifungua koki ya bomba yote, akasogeza tete lenye moto chini ya pipa la sabuni. Mwali wa buluu ukaruka, ukalizunguka tako lote la pipa. Watu wa kinu wakaketi kula muhogo wao wa mchana; hawajaumaliza, mafuta yakaanza kuchemka.

"Ni nani alikufundisha hii kazi?" aliuliza Bonaventure.

"Bomba yenyewe. Ile ilipasuka."

Prezida alicheka kwa sauti, akawageukia watu wa kinu. "Mumeona? Huyu mama iko wa hapa kwetu! Sheria inarudi vile ilikuwa. Mukono wa kwanza ku kamati ni wangu." Kisha akaonyesha mapipa mawili yaliyokuwa bado juu ya kuni. "Na haya?"

"Mupira imeisha. Kesho."

Georgette alichonga kizibo cha mti, akakigongomea kwenye mwisho wa bomba, mahali pa tambara lililokuwa limeuziba. Mbele yake mtaro wa kupeleka bomba kwenye mapipa yale mawili ulikuwa umechimbwa nusu, na jembe limelala ndani.