Mzigo wa Magloire

Kwa watu wa miradi, kilema ni fundi wa kushona ambaye bado hajapewa mashini. Wamekuja kijijini kwetu Karuba mara nyingi, na kila mara ni couture, couture, couture, kushona tu. Mwaka juzi mimi, Falone, ambaye miguu yangu ilikufa kwa polio, nilipewa mashini ya kukanyaga. Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Safari hii alikuja Noëlla, dada wa mradi kutoka Goma, akatukusanya kanisani sisi vijana wenye ulemavu pamoja na wazazi wetu. Hakuleta mashini. Aliuliza kila mmoja anataka kazi gani. Swali hilo sikuwahi kuulizwa tangu nizaliwe.

Nilisema nataka kutengeneza jibini kwa Papa Edmond, mfugaji wa kule juu malishoni. Kazi ile ni ya mikono: kukamua maji kwenye maziwa yaliyoganda, kuyabana, kupaka chumvi, kugeuza kila siku. Mikono yangu ndiyo inayonitembeza. Ina nguvu kuliko ya wavulana wengi wa hapa. Papa Edmond alikuwepo, akasema amekubali, na kitanda kipo kwake, maana siwezi kupandishwa kilima kile kila asubuhi.

Nilifurahi kijinga, kwa muda mfupi tu. Mama alisimama. Hakupandisha sauti.

"Siku ya kukimbia, nani atamubeba?"

Noëlla peke yake hakuelewa, ikabidi aelezwe. Kwetu, risasi zikilia, hakuna anayeuliza achukue nini. Kila nyumba imegawana mizigo zamani. Mama anachukua sufuria na maharagwe. Dada yangu Solange anachukua watoto wake. Kaka yangu Magloire ananichukua mimi. Tumekimbia hivyo hadi Sake, tukarudi, tukakimbia tena.

Noëlla alimgeukia Papa Edmond. Mzee alikuna kichwa. Angeweza kudanganya, na ningemshukuru.

"Siwezi kuahidi, Mama. Siku hiyo kila mutu anabeba watoto yake."

Niliwakasirikia wote, hata Yesu wa ukutani. Nilikasirika zaidi kwa sababu hakuna aliyesema uongo.

Noëlla, akitafuta pa kutokea, alimwona Magloire amesimama mlangoni akinisubiri, akamuuliza na yeye angependa kazi gani. Watu wakatabasamu, maana Magloire hana ulemavu wowote.

"Mimi niko na kazi," alisema. "Kazi yangu njo Falone."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja kijiji chake.

Wakati wa kurudi alinibeba mgongoni kama kawaida. Nilimuuliza, kama si mimi, angefanya nini. Akasema angekuwa Walikale, kwenye pikipiki, akipakia abiria. Rafiki zake walimwita tangu mwaka jana. Hakuwahi kutuambia.

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia aende. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilijua akienda, siku ya risasi nitabaki sakafuni nikisikiliza miguu ya watu ikipungua njiani. Nilimshika shingo kwa nguvu zaidi, mpaka akaniomba nilegeze kidogo, hapumui.